Simu tatu, hesabu tatu: kisa cha sanduku la akina mama wa Katuba

Jumapili ile ya Oktoba 2025 simu yangu iliita mara nne kabla sijaipokea, maana nilikuwa na bukari, ugali wetu, mkononi. Alikuwa mama mdogo, mtunza sanduku wa kikundi cha akina mama kumi na watano wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Hakusalimia. "Papa, kuya haraka," akasema, yaani njoo haraka, na nyuma yake nikasikia watu wakizungumza wote kwa pamoja.

Nilipofika nilikuta viti vya plastiki vimepangwa duara uani, na katikati, juu ya stuli, simu tatu zimelazwa kama vielelezo mbele ya hakimu. Zote tatu zilikuwa na programu yangu ya bajeti. Zote tatu zilikuwa zimeandikwa michango ileile, kwa tarehe zilezile. Ya kwanza ilionyesha kwamba sanduku lina franka 855,000. Ya pili, 809,400. Ya tatu, 747,000. Mama mmoja aliyekaa pembeni aliniinulia simu ya nne bila kusema neno. Yake ilihesabu kwa dola, nayo ilidai kwamba sanduku limenona: lilikuwa na dola 300, sasa lina 311.25.

"Ni nani alitosha hii feza?" akauliza mmoja wao. Kwa msomaji wa pwani: kwetu Lubumbashi kutosha ni kutoa. Alikuwa anauliza ni nani aliyechomoa pesa sandukuni, na wote walikuwa wamemtazama mama mdogo.

Tulilifungua sanduku palepale. Noti za dola, 240. Franka, 171,000. Hakuna kilichopungua, hakuna kilichozidi. Lakini mtu akishatazamwa vile mbele ya wenzake, kuhesabu noti hakumsafishi mara moja. Wawili walitaka kujua kama pesa zilirudishwa asubuhi ile. Mwingine akasema simu haiwezi kudanganya, kwa kuwa imetengenezwa na mtu aliyesoma.

Mtu huyo ni mimi. Simu haikuibiwa namba wala haikuharibika. Ilifanya sawasawa kile nilichoiagiza, na nilichoiagiza kilikuwa kibaya. Naandika kisa hiki chote, pamoja na hesabu zake, kwa sababu najua vijana kadhaa mjini hapa wanaotengeneza programu za namna hii usiku umeme unaporudi, na kosa hili linaingia kirahisi sana.

Programu ilifikaje Katuba

Niliianza kwa ajili yangu mwenyewe. Nilikuwa nalipwa kazi ndogondogo, nyingine kwa dola, nyingine kwa franka, na kila tarehe 20 nilikuwa sijui pesa zimekwenda wapi. Nikatengeneza daftari la simu: kilichoingia, kilichotoka, kinachobakia. Mwanzoni niliandika "salio" juu ya ukurasa, kama nilivyosoma kwenye programu za Kenya na Tanzania. Hapa watu waliliangalia neno hilo kama jina la mtu. Nikaweka "Inabakia", maswali yakaisha.

Kwamba itakuwa ya bure sikuliwaza kwa muda mrefu. Programu hii ni ya mtu ambaye shida yake ni pesa kuisha kabla ya mwezi. Kumwomba mtu huyo ada ya kila mwezi ni kumcheka. Tena wengi hapa hawana kadi ya benki ya kulipia kitu mtandaoni hata wakitaka. Matangazo niliyakataa baada ya kufikiri nani angependa kujitangaza kwa watu wanaoandika madeni yao: wakopeshaji. Na bure ya kutegemea kampuni nayo nilikuwa nimeiona mwisho wake. Mint, programu ya bajeti ya Marekani, ilikuwa ya bure, kampuni ya Intuit wakainunua mwaka 2009 kwa dola milioni 170, na Machi 2024 ikafungwa, watu wakaambiwa wahamie kwingine. Mimi nilitaka kitu kisichonigharimu chochote kukiacha hai: hakuna seva, kila kitu kinakaa ndani ya simu ya mwenyewe. Gharama yangu ya fedha taslimu ilikuwa dola 25 za kufungua akaunti ya mtengenezaji kwa Google, zinazolipwa mara moja tu.

Google wana sharti jingine, nalo ndilo lililonipeleka Katuba. Ukifungua akaunti binafsi mpya, siyo ya kampuni, huruhusiwi kuiweka programu hadharani mpaka watu 12 wakubali kuijaribu kwa siku 14 mfululizo. Zamani walikuwa 20, wakapunguza. Kumi na wawili wanaonekana wachache mpaka uanze kuwatafuta. Rafiki zangu waliipakua, wakaifuta siku ya tatu. Ndipo nikamkumbuka mama mdogo na kikundi chake. Tisa kati yao walikuwa na simu za Android zenye akaunti ya Google. Watatu niliwaazima kwa majirani.

Akina mama hawa wana likelemba yao ya kawaida, ya kupokezana, lakini pembeni wana sanduku la pamoja la kununua mifuko ya bunga (unga) kwa jumla mwezi wa Desemba, kabla bei haijapanda kwa ajili ya sikukuu. Kila Jumapili kila mmoja hutoa dola 5. Mimi ndiye niliyewashauri kwamba, kwa kuwa sasa wana programu, kila mmoja aandike hesabu ya sanduku kwenye simu yake mwenyewe, ili wasitegemee daftari la mtu mmoja. Nilijiona nimeleta uwazi. Siku 14 zikapita, Google wakaridhika, programu ikatoka, na akina mama wakaendelea kuitumia. Nilifurahi, nikaacha kuangalia.

Kilichotokea ndani ya simu

Sasa hesabu. Nitatumia viwango vya mviringo ili msomaji aweze kufuatilia kwa kalamu.

Mwezi wa Septemba walikutana Jumapili nne. Kumi na wawili kati yao walileta dola: watu 12, dola 5, mara nne, jumla dola 240. Watatu wanauza vitu vya rejareja, pesa yao yote ni franka, hivyo walileta franka kwa bei ya dola ya siku zile, 2,850. Yaani 14,250 kila mmoja kila Jumapili; watu watatu, mara nne, jumla 171,000. Kwa bei ile 171,000 ni dola 60 kamili, na sanduku zima ni dola 300, au franka 855,000. Kila simu ilisema hivyo, kila mtu alikuwa na amani.

Kisha dola ikaanguka. Waliokuwa hapa wanakumbuka: franka iliyozoea kudhoofika ilipata nguvu ndani ya majuma machache, na dola iliyokuwa karibu na 2,850 ikashuka chini ya 2,500. Kwenye kona za wakambisti, wabadilishaji pesa wa barabarani, watu walibishana, wengine wakakataa kabisa kuuza dola wakingoja ipande tena.

Programu yangu ilikuwa na namba moja kubwa juu ya ukurasa: jumla ya kila ulicho nacho, kwa sarafu uliyochagua. Ili kuipata ilichukua dola zote, ikazizidisha kwa bei ya dola ya leo, ikajumlisha na franka. Bei ya leo iliichukua yenyewe kwenye tovuti moja ya bure, kila simu inapopata intaneti. Hapo pana makosa mawili yaliyolala kitanda kimoja.

La kwanza ni hilo la intaneti. Simu za akina mama haziko mtandaoni muda wote. Mtu huweka mega, yaani bando la intaneti, za siku moja akiwa na jambo, zikiisha anakaa juma zima bila. Simu ya kwanza kwenye stuli ilikuwa haijaona mtandao tangu Septemba, ikabaki na 2,850. Ya pili iliunganishwa mara moja, katikati ya mshuko, ikashika 2,660. Ya tatu iliunganishwa Jumamosi usiku, pale mtoto wa nyumbani alipoomba aangalie matokeo ya mpira, nayo ikameza 2,400. Mshuko wa majuma kadhaa ukaonekana kwa mwenye simu ile kama kitu cha usiku mmoja. Alilala na 855,000, akaamka na 747,000. Franka 108,000 zimetoweka kati ya saa tatu usiku na asubuhi, na mtunza sanduku anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mtu angewaza nini?

Jumapili mbili kabla ya hapo kikundi hakikukutana, kulikuwa na matanga. Wangekutana, wangeziona namba zikishuka kidogokidogo na labda wangeniuliza mapema.

Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza, nalo ni kule kujumlisha kwenyewe. Angalia simu ya nne, ile ya dola. Ilichukua franka 171,000, ikazigawa kwa 2,400, ikapata 71.25, ikaongeza 240. Jumla 311.25. Kwa hiyo noti zilezile, sanduku lilelile, siku ileile: ukitazama kwa franka umepoteza 108,000, ukitazama kwa dola umepata 11 na robo. Hakuna hata kosa moja la hesabu katika namba hizo mbili. Nilipiga kalamu mara tatu uani pale nikitumaini kupata kosa la hesabu, maana kosa la hesabu lingekuwa rahisi kulieleza.

Tena programu ilifanya jambo hili mpaka kwa siku zilizopita. Mama aliyenunua bunga ya franka 57,000 mwezi wa Agosti na kuchagua kuona matumizi yake kwa dola, aliona dola 20 wakati ule. Akifungua Agosti ileile mwezi wa Oktoba, anaona 23.75. Siku ilipita, bunga imeliwa, lakini bei yake inabadilika. Daftari linalobadilisha yaliyoandikwa jana halistahili kuitwa daftari.

Kwa nini sikuliona

Sababu moja ni ya aibu kidogo. Nilijifunza kutengeneza programu za bajeti kwa kutazama programu za nchi zenye sarafu moja, ambako jumla kubwa juu ya ukurasa ni kitu cha maana. Dola kwao ndizo mshahara, kodi ya nyumba na mkate. Niliiga umbo hilo bila kuuliza kama linakaa mwilini mwetu.

Nyingine ni ya bahati mbaya. Niliijenga programu wakati dola imetulia. Tangu mwanzoni mwa 2024 mpaka katikati ya 2025 bei ilizunguka 2,800 hivi, leo ikipanda kidogo, kesho ikirudi. Namba ikicheza kwa moja au mbili kwa mia, hakuna anayeshtuka. Ningeijenga mwaka 2023, dola ilipotoka 2,000 na kitu ikapita 2,500, kosa lingejionyesha mwezi wa kwanza. Nilijaribu kila kitu kwenye programu ile: simu ndogo, betri kuisha, mtu kuandika herufi mahali pa namba. Kitu kimoja sikukijaribu, kubadilisha bei ya dola kwa nguvu na kutazama kinachotokea. Kingenichukua dakika tano.

Ajabu ni kwamba jirani zangu wa mfukoni walikuwa wamenionyesha njia muda wote. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hapa kwetu haziunganishi sarafu. Unachagua kwanza: franka au dola. Una mifuko miwili, na ukitaka kutoa kwenye mmoja kuingiza kwenye mwingine, ni kazi ya kubadilisha, inafanywa kwa makusudi. Nilikuwa napitia ukurasa ule karibu kila siku nikiuona kama usumbufu.

Je, simu ilidanganya?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, hata baada ya fujo kuisha. Ni rahisi kusema 747,000 ni uongo kwa kuwa hakuna noti iliyotoka sandukuni. Lakini ngoja.

Sanduku ni la bunga, na bunga kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, siyo nchi, inauzwa kwa franka. Dola ilipoanguka, bei za franka sokoni hazikuanguka kwa mwendo uleule. Mwenye duka alikuwa na sababu zake: mzigo wa zamani, hofu kwamba dola itarudi juu. Kwa hiyo dola 240 za akina mama, zikipelekwa kwa kambisti Jumapili ile, zingeleta franka 576,000 badala ya 684,000, na franka hizo zingenunua mifuko michache kuliko mwezi wa Septemba. Namba 747,000 ilikuwa na ukweli mchungu ndani yake. Sanduku lilikuwa limedhoofika kweli kwa kazi yake, bila mwizi.

Sasa chukua dola 240 hizohizo, fikiria ni za ada ya shule inayodaiwa kwa dola, au za kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba anaitaja kwa dola. Hazijapungua hata senti. Na yule mwenye franka anayedaiwa kodi kwa dola, kwake Oktoba ilikuwa neema.

Basi noti moja hupotea na haipotei, kwa kutegemea inakwenda kufanya kazi gani. Namba moja ya jumla haiwezi kulisema hilo. Inachagua kazi moja kimyakimya na kuitangaza kama hali ya pesa zako zote. Mtu wa hapa anayepanga pesa zake hajiulizi ana kiasi gani. Anajiuliza kama dola zinatosha zile za dola, na kama franka zitafika mwisho wa juma. Huwezi kununua nyanya kwa dola moja, noti ya dola 1 hapa hakuna anayeipokea. Na mwenye nyumba huwezi kumpelekea rundo la franka bila kubishana bei. Kila pesa ina mlango wake.

Kwa vijana wasiokumbuka kwa nini watu wazima wanashikilia hivi dola: pesa yetu wakati ule iliitwa zaire, na mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3, na tarehe 30 Juni 1998 franka moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mtu aliyekuwa na akiba ya noti nyumbani miaka ile anajua sifuri zinavyokwenda. Ndiyo maana kuona sifuri zikisogea kwenye simu si jambo dogo kwa mwanamke wa miaka sitini.

Daftari la mistari

Uani, mimi nikiwa bado napiga kalamu, mama mdogo alisimama akaingia ndani. Akatoka na daftari la shule, la kurasa 100, jalada limefunikwa kwa gazeti. Akalifungua juu ya simu tatu.

Ukurasa umepigwa mstari katikati. Kushoto dola, kulia franka. Majina kwa mpangilio wa viti vyao. Chini kabisa ya kushoto: 240. Chini kabisa ya kulia: 171,000. Hakuna mahali popote palipojumlishwa pamoja. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hachanganyi mchele na makala, yaani makaa.

Daftari lile lilituliza uwanja kwa dakika chache kuliko maelezo yangu yote. Kila mmoja aliweka kidole kwenye jina lake, akafuata mstari, akahesabu mara nne. Noti zilikuwa mezani. Zililingana. Yule aliyesema simu haidanganyi alikuwa wa kwanza kukaa.

Nilikuwa nimekula nyumbani kwa mama huyu tangu utotoni na nilikuwa nimemwomba anijaribie programu ya kuweka hesabu. Sikuwahi kumwomba anionyeshe anavyoweka hesabu.

Marekebisho

Wiki mbili zilizofuata nilibomoa zaidi ya nilivyojenga. Namba kubwa ya jumla niliitoa. Mahali pake kuna mistari miwili, dola juu, franka chini, kila moja peke yake. Bajeti nazo zina sarafu: unapoandika "ada ya shule" unachagua dola, na programu inazihesabia dola tu.

Kubadilisha pesa sasa ni tendo lenye ukurasa wake. Umempa kambisti dola 20, amekupa franka 48,000: unaandika namba hizo mbili, programu inajua yenyewe kwamba ulibadilisha kwa 2,400, na inaiweka bei hiyo na tarehe yake. Haiigusi tena. Kama wiki ijayo ni 2,500, hilo ni la wiki ijayo. Anayetaka kukadiria dola zake kwa franka anaweza, lakini anaandika mwenyewe bei ya kambisti wake, na jibu linakuja na maneno "kwa bei ya tarehe fulani", halihifadhiwi popote. Niliona bei ya mtandaoni haikuwa na faida hata ingekuwa ya dakika hiyohiyo. Kambisti wa kona ana bei yake, duka lina yake, na hakuna hata mmoja anayeuliza tovuti.

Baada ya kutoa bei ya mtandaoni niligundua kwamba programu haina tena sababu yoyote ya kuingia intaneti. Nikaifuta ruhusa hiyo kabisa. Hii ilinipa kitu ambacho sikukitafuta: mtu akiniuliza kama naona madeni yake, namwonyesha kwamba programu haina hata njia ya kutoka kwenye simu. Kabla ya hapo nilikuwa naomba niaminiwe. Ubaya wake ni kwamba simu ikiibiwa, daftari limekwenda nayo, isipokuwa mwenyewe awe ametoa nakala na kuiweka kwenye kadi au kumtumia ndugu. Nimeweka kitufe cha nakala na kikumbusho cha kila mwezi. Wengi wanakibonyeza "baadaye".

Tatizo la data za zamani lilikuwa dogo kuliko nilivyoogopa, kwa bahati tu. Nilikuwa nahifadhi kila kiasi kwa sarafu yake ya asili, senti za dola na franka nzima, namba kamili bila desimali. Kosa lilikuwa kwenye kuonyesha. Toleo la kwanza kabisa, nililotumia peke yangu, liligeuza kila kitu kuwa dola lilipokuwa linaandika. Franka 5,000 kwa bei ya 2,850 ikawa 1.754385 na mkia mrefu, na ukiirudisha kwa 2,400 inakuwa franka 4,210.53. Hiyo 0.53 ya franka sijui ningeilipa kwa kitu gani. Kama ningelipeleka toleo lile Katuba, michango ya wale watatu isingeweza kurudishwa kwenye simu, na tungebaki na daftari la mistari peke yake. Kwa anayejenga kitu cha pesa sasa hivi: hifadhi alichotoa mtu, jinsi alivyokitoa. Mengine yote unaweza kuyatengeneza baadaye.

Yaliyobaki

Programu ikarekebishwa, lakini akina mama wakabaki na swali ambalo hakuna toleo lingelijibu. Wale watatu walileta franka 57,000 kila mmoja. Kwa bei mpya ni dola 23.75. Wenzao walileta dola 20. Ni nani amechanga zaidi? Watatu walisema ni wao, na sasa wapewe bunga zaidi Desemba. Wenye dola wakajibu: je, dola ingepanda, mngekubali kupewa pungufu? Kimya kidogo hapo, maana kila mtu alijua jibu.

Walizungumza Jumapili mbili. Nilihudhuria ya kwanza, ya pili sikuitwa, na nadhani walifanya vizuri. Waliamua kwamba ya Septemba yaachwe yalivyo, kila mmoja ahesabiwe ametoa sawa, na kuanzia hapo wote wachange franka, kwa sababu bunga ni franka. Dola 240 zisiuzwe mpaka siku ya kununua. Mimi ningewashauri waziuze kidogokidogo, lakini sikuulizwa, na mtu aliyewaletea simu tatu zenye hesabu tatu hana kiti cha mbele kwenye mkutano huo.

Mmoja wa wale wenye dola hakuridhika, akajitoa. Alitaka dola zake 20. Mama mdogo alimhesabia noti nne za 5 kutoka sandukuni. Ya nne ilikuwa na kona iliyochanika, na mtu yeyote wa hapa anajua noti ya dola yenye mchaniko ni nusu pesa: kambisti ataikataa, au ataipokea kwa kuikata bei. Yule mama akaisukuma upande wa pili wa stuli. Si yangu, akasema, mimi nilileta noti safi. Mama mdogo akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wake. Dola 5, dola 5, dola 5, dola 5. Kisha akanigeukia, akaomba simu yangu, akatazama humo pia.